Check au cheque: neno moja au mawili? Nadai yote ni "mfalme"

#1 Kete Nyeusi
Wakuu, salamu. Nadai hivi, anayepinga aje na hoja: check ya kukagua, cheque ya benki, check ya shati la drafti na ile Exchequer ya Waingereza, yaani hazina ya serikali, ni ukoo mmoja. Babu yao ni shah wa Kiajemi, yaani mfalme.

Safari yake ni hii. Mchezo ulizaliwa India ukiitwa chaturanga, "viungo vinne" vya jeshi: tembo, magari ya vita, wapanda farasi na askari wa miguu. Waajemi wakasema chatrang. Waarabu walipoichukua Uajemi karne ya 7, lugha yao haikuwa na "ch" wala "g" hizo, ikawa shatranj, ndiyo sataranji yetu. Mchezaji akimtishia mfalme wa mwenzake alitamka "shah!" ili amtahadharishe. Walatini wa Ulaya wakaandika scaccus, Wafaransa wa kale wakasema eschec, Waingereza wakalikata kichwa kama walivyoikata estate ikabaki state, na esquire ikabaki squire. Kilichosalia ndicho check. Na wingi wa Kifaransa, esches, ndio chess.

Sasa kama ni neno moja, hiyo -que ya benki imetoka wapi?

#2 Sheha wa Shehia
Umetuzungusha India na Uajemi bure. Cheque ni sakk ya Kiarabu, hati ya malipo. Wingi wake sukuk, hizo hizo sukuk ambazo leo zinauzwa kama hatifungani zisizo na riba. Ibn Hawqal, msafiri wa karne ya 10, alishuhudia huko Awdaghust, Mauritania ya leo, sakk ya dinari 42,000. Wakati huo Ulaya wanabadilishana kondoo.

#3 Kaunta Namba Tatu
Nijibu la -que kwanza, la sakk nawaachia wenye Kiarabu chao.

Karne ya 17 na ya 18 Waingereza waliandika check, checque na cheque kila mtu apendavyo. Mojawapo ya hundi kongwe zilizosalia ni ya tarehe 16 Februari 1659, iliyoandikwa kwa mkono kwa Clayton & Morris wa London. Mwaka 1717 Benki Kuu ya Uingereza ikaanza fomu zilizochapwa. Mteja alikwenda mwenyewe kwa keshia kuchukua fomu yenye namba. Sasa hapa ndipo penye utamu: mwanzoni mwa karne ya 18 check lilikuwa jina la kishina, kile kipande kinachobaki. Karatasi anayopewa mlipwaji ilikuwa na majina mengine. Kishina ndicho kilichokuwa kinga: ukiletewa karatasi yenye shaka unailinganisha na kipande chako. Baadaye jina likahama kutoka kwenye kinga likaingia kwenye karatasi yenyewe.

Mwaka 1828 James William Gilbart, mtu wa benki, alichapisha kitabu kuhusu shughuli za benki. Humo alikiri kwamba waandishi wengi huandika check, ila yeye ameamua kuandika cheque kwa kuwa haileti utata na inashabihiana na Exchequer. Uingereza na makoloni yake wakamfuata polepole. Marekani hawakumsikiliza, wakabaki na check kwa kila kitu. Kwa hiyo wanaosema Wamarekani "wamerahisisha" tahajia hii wamegeuza mambo: wao ndio waliobaki na ya zamani.

#4 Baridi ya Toronto
Kanada wamekwenda mbali kuliko hata Waingereza. Akaunti ya matumizi ya kila siku hapa huandikwa chequing account. Muingereza haiandiki hivyo kwa sababu yeye husema current account. Marekani ni checking account. Na mshahara hapa ni paycheque. Ukijaza fomu ya benki ya Kanada kwa tahajia ya Marekani hakuna atakayekukataza, lakini mhariri wa gazeti atakukata kalamu.

#5 Mwalimu wa Zamu
Kwa wanaofundisha au wanaotafsiri, mpaka uko hivi kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kinachotumika kwenye mitihani yetu. Karatasi ya benki pekee ndiyo cheque, pamoja na ndugu zake: chequebook, blank cheque, traveller's cheque. Vitendo vyote ni check: check-in, check-up, checklist, checkpoint, checkmate. Vitambaa na mambo ya mraba mraba vina njia mbili: kitambaa chenyewe ni check, lakini kivumishi ni chequered, kama bendera ya kumalizia mbio za magari. Marekani ni checkered. Na Exchequer haibadiliki popote, hata Mmarekani huiandika hivyo hivyo.

Kosa ninaloliona sana ni mwanafunzi kuandika "please cheque your answers". Ameshajifunza kwamba -que ni ya heshima, basi anaivalisha kila mahali.

#6 Sheha wa Shehia
Na hiyo X ya Exchequer imetoka wapi kama asili ni eschec?

#7 Kete Nyeusi
Imetoka kwa makarani waliojua Kilatini nusu nusu. Kifaransa cha kale kilisema eschequier, ubao wa sataranji. Makarani waliona es- wakadhani ni ile ex- ya Kilatini kama ya exchange, wakaitia X. Haikuwepo tangu mwanzo. Ni kama b ya debt: imechomekwa na wasomi, ulimi hauitambui.

#8 Nahodha wa Muttrah
Kuhusu sakk. Hapa Oman na Ghuba nzima mtu akikulipa kwa hundi husema shiki. Hakuna anayesema sakk. Sakk imebaki kwenye hati za mahakama na za milki, nyumba na ardhi. Shiki imetoka kwa Wazungu karne hizi za karibuni. Kama cheque ingekuwa sakk iliyokwenda Ulaya, Mwarabu angeitambua aliporudishiwa.

#9 Sheha wa Shehia
Nahodha, kwani mtoto akirudi kutoka ughaibuni amevaa suti jirani wote humtambua siku ya kwanza? Neno kuondoka na kurudi na sura nyingine si ajabu. Halafu wapo wanaosema sakk yenyewe Waarabu waliichukua kwa Waajemi, kwao ikiitwa chak. Chak na check, mnataka ushahidi gani zaidi?

#10 Kete Nyeusi
Nataka ushahidi wa katikati. Kati ya sakk ya karne ya 10 na cheque ya London kuna miaka 700. Ungetegemea kuikuta Venice, Genoa au Barcelona njiani, maana huko ndiko biashara ya hawala ilikopitia. Waitaliano hati ya namna hiyo waliiita lettera di cambio, barua ya kubadilishia. Sakk haimo. Halafu Waingereza wenyewe walianza na check yenye maana ya kuzuia, ikaja ya kukagua, ikaja ya kishina, ndipo karatasi. Ngazi zote zinaonekana, hakuna pengo la kujazwa na chak.

Na kondoo za #2 tuziache. Karne ya 10 Ulaya ilikuwa inasarifu dinari zake za fedha. Lile alilolisema Ibn Hawqal ni kweli, ila ilikuwa hati ya deni ambalo mfanyabiashara wa Awdaghust alikuwa anadaiwa na mtu wa Sijilmasa, Morocco ya leo. Hati ya deni ni kitu kimoja, amri kwa benki ya kumlipa mtu akiidai papo hapo ni kitu kingine.

#11 Mhasibu wa Kisumu
Mmeipita Exchequer mbio mbio na ndiyo yenye nyama.

Karne ya 12 Uingereza haikuwa na wizara ya fedha yenye jengo. Ilikuwa na meza. Richard FitzNeal, mweka hazina wa mfalme, aliieleza katika maandishi yake ya miaka ya 1170 hivi: meza ya futi 10 kwa 5, ukingo wake umeinuka kimo cha vidole vinne ili vihesabio visidondoke. Juu yake hutandikwa kitambaa cheusi chenye mistari. Liwali wa kila wilaya huitwa Pasaka na tena Septemba mwishoni, anakaa upande mmoja, mweka hazina na watu wake upande wa pili.

Safu zinasomwa kutoka kulia: peni, shilingi, pauni, ishirini ishirini za pauni, mamia, maelfu, makumi elfu. Peni 12 ni shilingi, shilingi 20 ni pauni. Mhesabu anapanga vihesabio vya deni juu, chini yake anapanga alicholeta liwali, kisha anaondoa kimoja kimoja pande zote mbili. Vinavyobaki juu ndilo deni. Liwali asiyejua kusoma anaona kwa macho yake anadaiwa nini.

Kwa nini kitambaa na si karatasi? Kwa sababu hesabu ziliandikwa kwa tarakimu za Kirumi, ambazo hazina sifuri. Jaribu kutoa MCCXLVIII kwenye MMDIX kwa kalamu uone. Kwenye kitambaa safu tupu ndiyo sifuri, basi.

#12 Kanga Mbichi
Swali dogo. FitzNeal amesema kitambaa kilikuwa na mistari. Mistari ya safu haifanyi miraba. Sasa ubao wa sataranji umeingiaje?

#13 Mhasibu wa Kisumu
Dada, hapo ndipo wasomi wanapogawanyika. FitzNeal mwenyewe alitoa sababu mbili. Ya kwanza, umbo: meza inafanana na ubao wa sataranji. Ya pili, mapambano: kama wafalme wawili wanavyopigana ubaoni, ndivyo mweka hazina na liwali wanavyopigana mezani, watu wamekaa pembeni wanatazama. Wapo wanaoona mistari ilikatizana ikafanya miraba, wapo wanaoona ilikuwa safu tu na jina limetokana na vita vya hesabu. Mimi niko na hao wa vita, kwa sababu miraba haina kazi yoyote kwenye hesabu hiyo, safu zinatosha.

#14 Kaunta Namba Tatu
Nyongeza kwa #11, kwa kuwa inarudi kwenye kishina. Liwali akilipa alipewa risiti ya mti. Ni kijiti cha mhazeli kilichokatwa pengo kwa kila kiasi: pauni 1,000 pengo la upana wa kiganja, pauni 100 upana wa kidole gumba, pauni 20 upana wa kidole cha mwisho, pauni 1 upana wa punje ya shayiri iliyonenepa, shilingi ndogo zaidi, na peni ni mchano tu bila kuondoa mti. Kisha kijiti kinapasuliwa kwa urefu, mapengo yanabaki pande zote mbili. Upande mrefu uliitwa stock, anapewa aliyelipa. Mfupi ni foil, unabaki hazina. Ukiongeza pengo kwenye kipande chako, cha hazina hakina. Ukijaribu kuchonga kingine, nyuzi za mti hazitalingana.

Hiyo foil ndiyo iliyo ndani ya counterfoil, jina la Kiingereza la kishina cha hundi. Vijiti vilitumika mpaka 1826. Mwaka 1834 waliamua kuvichoma kwenye matanuri ya Bunge la Lords, moto ukawazidi, tarehe 16 Oktoba majengo ya Bunge yakateketea.

#15 Jicho la Nyeri
Na Kenya tumeirithi. Magazeti yetu ya Kiingereza yakisema kaunti zinasubiri "exchequer" yanamaanisha pesa zinazotolewa na Hazina ya Kitaifa. Gavana hana meza wala kitambaa, ana malimbikizo.

#16 Kanga Mbichi
Mnaonaje na Kiswahili kinavyojichanganya humu? "Bosi hacheki." Haya, niambieni: bosi hana tabasamu au bosi hakagui kazi? Cheka ikikanushwa inakuwa hacheki. Cheki ya mtaani ikikanushwa inakuwa hacheki vile vile. "Sicheki nawe" ni ugomvi, "sicheki simu" ni uvivu.

#17 Mwalimu wa Zamu
Dawa yake ni kuongeza maneno ya muktadha. "Hanicheki" pekee bado ina utata, lakini "hanicheki kwenye simu" imeshajieleza. Wakati uliopita utata unaisha wenyewe: "hakucheka" na "hakucheki". Cheki haibadilishi irabu ya mwisho kwa sababu ni neno la kukopa, kama -samehe na -jibu.

#18 Fundi wa Lubumbashi
Jambo yenu. Huku kwetu Kifaransa kilitutupia matatu. Mchezo ni échecs. Mwanafunzi akianguka mtihani ni échec, yaani ameshindwa, maana Wafaransa walichukua ile hali ya mfalme kubanwa wakaifanya kushindwa kokote. Karatasi ya benki ni chèque, sisi tunasema sheki. Ajabu ni kwamba Wafaransa walimpa Muingereza eschec, halafu karne nyingi baadaye wakamkopa cheque. Mtoto wao mwenyewe, wamemnunua dukani.

#19 Sheha wa Shehia
Umeona, Kete? Nilisema #9 kwamba neno huenda na kurudi hawalitambui. Fundi amenipa ushahidi.

#20 Kete Nyeusi
Amekupa ushahidi kwamba inawezekana. Hajakupa kwamba ilitokea kwa sakk.

#21 Nahodha wa Muttrah
Ukitaka mkanganyo mtamu nenda Msumbiji. Kwa Kireno xeque ni ile check ya sataranji, na xeque ni shehe. Herufi zote sawa. Moja ni shah ya Kiajemi, nyingine ni shaykh ya Kiarabu, hazina undugu. Karatasi ya benki wanaandika cheque kama Muingereza. Sisi Waswahili tulikwepa ajali hiyo: shehe ni shehe, na shah tumemfanya shaha, mtunzi mkuu wa mashairi.

#22 Binti wa Vumba
Na mate ya checkmate? Nimezoea kusikia "shah mat" ni "mfalme amekufa", mzizi mmoja na mauti na maiti.

#23 Kete Nyeusi
Ndivyo Waarabu walivyoisikia, na kwa Kiarabu maana inakaa vizuri. Wengi wa wanaochimba upande wa Kiajemi wanasema mat ni aliyeduwaa, aliyeishiwa njia, hajiwezi. Kanuni za mchezo zinawaunga mkono: mfalme haliwi. Mchezo unakoma hatua moja kabla, akiwa amebanwa na hana pa kukimbilia. Mfu haendi mateka. Lakini Kiarabu ndicho kilichopeleka neno Ulaya, kwa hiyo aliyelibeba alilibeba akijua "amekufa". Asili ni moja, uelewa wa msafirishaji ni mwingine, na kamusi hazikubaliani zipe kipi uzito.

Kwa wachezaji: siku hizi kanuni za FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, hazikulazimishi kutamka "check". Kwenye mashindano kuitamka kila mara huhesabiwa kumbughudhi mwenzako.

#24 Jicho la Nyeri
Kaunta, wewe ni mtu wa hundi. Watu bado wanarudishiwa hundi kila leo. Hebu weka hapa inavyoandikwa.

#25 Kaunta Namba Tatu
Kwa kifupi niwezavyo.

Tarehe: siku, mwezi, mwaka. Januari ndiyo mwezi wa balaa, watu wanaandika mwaka uliopita kwa mazoea na hundi inaonekana imechacha, maana desturi ya benki ni miezi 6 basi.

Jina la mlipwaji: kama lilivyo kwenye akaunti yake, si jina la utani la duka.

Kiasi kwa maneno: anza ukingoni kabisa kushoto. Ukiacha nafasi mbele ya "laki nne na nusu" mtu anachomeka "milioni moja na" kwa raha zake. Maliza kwa neno "tu", kisha piga mstari hadi mwisho wa nafasi. Kwa tarakimu, bandika namba ya kwanza kwenye alama ya shilingi na funga kwa /=.

Mistari miwili sambamba kwenye kona ya juu kushoto: maana yake hundi hailipwi taslimu kaunta, lazima ipite akaunti. Ukiandika kati yake A/C payee only umeifunga zaidi, inaingia akaunti ya aliyetajwa tu.

Sahihi: ile uliyoiacha benki siku ya kufungua akaunti. Mkono ukibadilika kwa uzee au kwa haraka, nenda ukaibadilishe.

Ukanda wa chini wenye tarakimu za ajabu usiuguse, usiukunje, usiupige muhuri. Ni wino wa sumaku, mashine inasoma namba ya hundi, benki, tawi na akaunti. Muhuri ukipita hapo mashine inakwama, hundi inatolewa pembeni kusomwa na mtu.

Kwa Kenya ongeza hili: tangu Oktoba 2009 hundi inayozidi shilingi milioni 1 haipitishwi kwenye mfumo wa kubadilishana hundi kati ya benki. Kiasi hicho unatuma kwa njia ya kielektroniki.

#26 Binti wa Vumba
Asante. Maneno na tarakimu vikipingana inalipwa ipi?

#27 Kaunta Namba Tatu
Sheria ya Uingereza ya hati za malipo ya 1882, ambayo sheria zetu Kenya na Tanzania zimeifuata, inasema maneno ndiyo kiasi. Kiutendaji karani hatahangaika kutafsiri sheria, atairudisha ikiwa na maandishi kwamba maneno na tarakimu vinatofautiana. Kwa hiyo haki unayo, pesa huna.

#28 Mzee wa Forodhani
Mnasema hundi, hundi, na hamjamuuliza anatoka wapi. Hundi ni neno la Wahindi, na huko kwao ilikuwa kabla ya benki za Kizungu. Zilikuwepo aina mbili kubwa: darshani, inayolipwa mara ionekanapo, na muddati, inayolipwa baada ya muda uliotajwa. Hiyo muddati ni muda wetu huu huu, Kiarabu kimepita kwa Wahindi na kikapita kwetu. Wafanyabiashara wa Kihindi walizitumia kati ya Bombay na Unguja enzi za masultani. Kwa hiyo Mswahili alipokutana na cheque ya Muingereza hakuhitaji jina jipya. Alikuwa nalo.

#29 Sheha wa Shehia
Hapo nakuunga mkono Mzee, shikamoo. Ila sheria ya 1882 inaitambua cheque kuwa aina ya hati ya malipo inayotolewa kwa benki na kulipwa mara idaiwapo. Hiyo ni darshani tu, imevaa tai.

#30 Mzee wa Forodhani
Marahaba. Isipokuwa ya Wahindi ililipwa na mtu na si lazima benki. Lakini hewala.

#31 Kete Nyeusi
Mna habari kwamba check ana pacha? Angalieni draught. Mchezo wa dama Muingereza anauita draughts, Mmarekani anauita checkers. Hati ya benki, moja ni cheque, nyingine ni bank draft. Maneno mawili tofauti kabisa, na yote mawili yameingia mchezoni na benki.

Lakini sababu si moja. Draught imetokana na kitenzi cha kuvuta, draw. Katika Kiingereza cha kale kidogo draught ilikuwa "hatua" ya mchezo, kuvuta kete, kwa hiyo draughts ni "hatua". Benki nako unavuta pesa kutoka kwa mwenye kuziweka. Upepo wa mlangoni ni draught, bia ya kuvutwa kutoka pipani ni draught. Marekani zote ni draft. Nasi tulipoipokea drafti tukaipeleka mpaka kwenye nguo: shati la drafti ni la miraba, wakati kwa Muingereza draught haina mraba hata mmoja ndani yake, mraba ni wa check.

#32 Baridi ya Toronto
Ongezeni mkanganyo wa mkahawani. Marekani mhudumu anakuletea check na unailipa kwa bill, yaani noti. London anakuletea bill, na zamani uliilipa kwa cheque.

Na rain check ni ya uwanja wa besiboli, karne ya 19: mvua ikivunja mechi unaonyesha kipande cha tiketi uingie siku nyingine. Kipande kinachobaki mkononi. Coat check, baggage check, zote ni kile kishina cha #3.

#33 Theluji ya Tampere
Mmesahau alama yenyewe. Mmarekani anasema check mark, Muingereza tick, sisi alama ya vema. Tahadhari kwa wanaoleta watoto shule za Finland na Sweden: huku mwalimu akikuwekea alama hiyo ameona kosa. Mzazi mgeni anaona daftari limejaa vema anampongeza mtoto.

#34 Mwalimu wa Zamu
Hahaha. Na asili ya alama hiyo nayo wanagombana. Wapo wanaosema ni V ya neno la Kilatini la ukweli, wapo wanaosema ni kalamu ya wino tu: ukiigusisha karatasi inaacha nukta nzito, ukiivuta juu mstari unakuwa mwembamba.

#35 Mhasibu wa Kisumu
Check nyingine inayofanya kazi kimya ni tarakimu ya ukaguzi, check digit. Chukueni kitabu chochote kilichochapwa Kenya (978-9966) au Tanzania (978-9976 au 9987), mtazame ISBN, ile namba ya kitabu yenye tarakimu 13. Tarakimu ya mwisho haina habari mpya, inakagua 12 za mbele. Zidisha kwa 1 na 3 kwa kupokezana. Mfano 978030640615: 9+21+8+0+3+0+6+12+0+18+1+15 = 93. Kinachokosekana kufika 100, yaani kumi inayofuata, ni 7. Namba kamili inaishia 7.

Ukikosea tarakimu moja inakukamata daima. Ukibadilishana mbili zinazofuatana inakukamata mara nyingi, isipokuwa zikipishana kwa 5, mfano 1 na 6 au 3 na 8. Kwa sababu tofauti kati ya kuzidisha kwa 3 na kwa 1 ni 2, na 2 mara 5 ni 10, ukaguzi unaona hakuna kilichobadilika.

#36 Kanga Mbichi
Yaani hacheki.

#37 Binti wa Vumba
Swali la pembeni. Chequers, nyumba ya mapumziko ya Waziri Mkuu wa Uingereza, nayo ni ya mfalme wa sataranji?

#38 Kete Nyeusi
Ya kwangu hiyo. Iko Buckinghamshire, mawaziri wakuu wanaitumia tangu 1921. Maelezo ya kwanza: mwenye ardhi hiyo karne ya 12 alikuwa mtumishi wa Exchequer, jina la kazi likabaki kwenye shamba. Kama ni hivyo basi ndiyo, ni shah, kwa kupitia meza ya #11.

#39 Mzee wa Forodhani
Maelezo ya pili: kuna mti wa porini huko wanaouita chequer tree, na eneo hilo walikuwa wengi. Nyumba imepewa jina la mti, kama Mwembeni na Mbuyuni.

#40 Kete Nyeusi
Na mti umeitwa chequer kwa nini, Mzee? Wapo wanaosema ni gamba lake linalobanduka vipande vya mraba mraba.

#41 Sheha wa Shehia
Gamba linalobanduka huacha kipande mkononi na kipande mtini. Sakk hiyo.